Mstari Mtupu

Mwaka jana, kwa karibu miezi minne, kazi yangu ilikuwa kuandika sarufi. Haikuwa sarufi ya Kiswahili wala ya lugha yoyote ambayo mtu anaweza kumtongozea mwenzake. Ilikuwa sarufi ya FoxPro, lugha ya kompyuta ambayo wengi wa rika langu hawajawahi kuiona, na waliotutangulia huitaja kwa sauti ile ile wanayotajia simu za kuzungusha. Niliiandika kwa ajili ya chombo cha kupanga msimbo, yaani programu inayochukua maandishi ya programu nyingine na kuyanyoosha. Inaweka nafasi panapostahili, inajongeza ndani mistari iliyo chini ya mistari mingine, inakata mstari mrefu mahali pa kukatika. Kinachofanywa na programu ile nyingine hakibadiliki hata kidogo, kinabadilika kinachoonekana tu. Ndiyo ahadi ya vyombo vya namna hii, na kwa mashine ahadi hiyo ni kweli kabisa.

Mwenye msimbo alikuwa chama cha akiba na mikopo kilichoko mkoani Tanga, ambacho wanachama wake wengi ni wakulima na wafugaji wadogo. Programu yao ya mikopo ilianza kuandikwa mwaka 1994 na mtu mmoja, mhasibu ambaye hakusomea kompyuta darasani. Alijifunza kwa kitabu cha kuazima, usiku, baada ya kufunga hesabu. Microsoft waliinunua kampuni iliyotengeneza FoxPro mwaka 1992, wakaiendeleza mpaka toleo la tisa lililotoka mwishoni mwa 2004, mwaka 2007 wakatangaza kwamba la kumi halitakuwepo, na Januari 2015 wakaacha kabisa kuihudumia. Chama hakikuwa na habari. Watu waliendelea kukopa na kulipa, mhasibu akastaafu, programu ikabaki kazini. Kampuni yetu ndogo ya Dar es Salaam iliitwa pale kompyuta ya mwisho yenye uwezo wa kuiendesha ilipoanza kuzima yenyewe kila joto likizidi.

Tulitakiwa kuihamishia kwenye mfumo mpya. Lakini huwezi kuhamisha usichokisoma, na maandishi ya mzee yule hayakuwa rahisi kusomeka. Faili zilikuwa zaidi ya mia tatu. Mistari mingine ilianzia ukingoni, mingine katikati ya ukurasa bila sababu inayoonekana, herufi kubwa hapa, ndogo pale. Mwenzangu wa ofisini, kijana mwenye haraka na akili nyingi, akasema, "Dada, tupige fomati kwanza, kusoma baadaye." FoxPro yenyewe ina kitufe cha kupamba msimbo, lakini ni lazima ukae mbele ya ile kompyuta ya joto, faili moja baada ya nyingine. Tukaamua kutengeneza chetu.

Mtu wa fasihi akisikia "kanuni za sintaksia" anakumbuka kidato cha tano, kirai nomino na kirai kitenzi, ile michoro ya matawi tuliyokuwa tunaichora kwa rula. Hayuko mbali, kwa sababu mti ni ule ule. Mwaka 1960 ripoti ya lugha ya ALGOL 60, iliyohaririwa na Peter Naur, ilitumia namna ya kuandika kanuni iliyoanzishwa na John Backus, na mpaka leo sarufi za kompyuta zinaandikwa kwa wajukuu wa namna hiyo. Sentensi ya IF ni neno IF, kisha sharti, kisha amri kadhaa au pasiwe na amri yoyote, kisha ENDIF ya kufunga. Amri zile za katikati nazo zaweza kuwa sentensi za IF. Kanuni inajitaja yenyewe, na kwa mistari miwili umeshaeleza programu zisizo na idadi.

Tofauti ni kwamba mwalimu wa Kiswahili anaruhusiwa kusema "mara nyingi" na "isipokuwa". Mimi sikuwa na anasa hiyo, na FoxPro ni lugha ya "isipokuwa".

Chukua kinyota. Kikiwa mwanzoni mwa mstari, kinamaanisha kwamba mstari mzima ni komenti, maneno ya binadamu kwa binadamu ambayo mashine inayaruka. Kikiwa katikati, ni alama ya kuzidisha. Vizuri, kanuni rahisi. Lakini mstari mrefu wa FoxPro hukatwa kwa nuktamkato mwishoni, kisha unaendelea chini. Sasa mtu akiandika "salio", akaweka nuktamkato, mstari wa chini akauanza kwa kinyota na neno "kiwango", kinyota kile kiko mwanzoni mwa mstari na bado ni kuzidisha. Komenti nayo ikimalizika kwa nuktamkato inaendelea mstari wa pili, ambao hauna kinyota chochote na unafanana kabisa na amri ya kawaida. Kwa hiyo huwezi kuujua mstari kwa kuutazama wenyewe. Sharti uulize ulikotoka.

Au chukua mabano ya mraba. Lugha nyingi huyatumia kuhesabia, kwa mfano jina la tatu katika orodha ya majina. FoxPro inayatumia kwa kazi hiyo, na papo hapo inakuruhusu kuyatumia badala ya alama za kunukuu, hivyo ukiandika Tanga ndani ya mabano ya mraba umeandika neno "Tanga" kama maandishi. Nikaweka kanuni kwamba bano likija baada ya jina ni la kuhesabia, likija baada ya kitu kingine ni la kunukuu. Lakini WITH je? WITH ni neno la amri, na kwa umbo halina tofauti na jina la mtu. Basi kanuni inabidi ijue maneno yote ya amri. Nayo maneno ya amri lugha hii inakuruhusu kuyafupisha kwa herufi nne za kwanza, na mzee wetu, aliyekuwa anaandika usiku baada ya kazi, hakuwahi kuandika REPLACE kikamilifu hata mara moja. Ni REPL tu, faili zote.

Halafu kuna ng'ombe. Tulipoanza tulijaribu kanuni za FoxPro zilizokuwa tayari zinapatikana bure mtandaoni, zilizoandikwa kama orodha ya ruwaza: ukiona umbo hili, ni kitu hiki. Ruwaza ya maandishi yaliyonukuliwa ilikuwa ya kwanza kwenye orodha. Alama moja ya kunukuu, chochote kile, alama nyingine ya kunukuu. Chama kile hutoa mkopo wa ng'ombe wa maziwa, na komenti za mzee ziko kwa Kiswahili. Ruwaza ikaikuta ritifaa ya ng'ombe kwenye mstari wa arobaini, ikadhani nukuu imefunguliwa, ikashuka mpaka kwenye ng'ombe mwingine mstari wa mia mbili na kumi na mbili, ikafunga. Mistari yote ya katikati, hesabu za riba na faini na akiba za watu, ikahesabiwa kuwa ni neno moja refu lisilopaswa kuguswa. Mwenzangu alicheka mpaka akatoka nje. Ningependa kuwasimanga waliotunga ruwaza ile kwamba hawakutufikiria sisi, lakini Kiingereza nacho kimejaa ritifaa, kwa hiyo hata wenyewe hawakujifikiria. Dawa yake si ngumu. Kichanganuzi kitembee herufi kwa herufi kutoka juu, kikikutana na komenti kiikubali mpaka mwisho wake kabla ya kuuliza jambo jingine lolote. Tulizitupa ruwaza tukaandika hicho.

Hadi hapo kazi ni ya fundi, na fundi akiwa na subira anaimaliza. Ugumu wa aina nyingine ulianza tulipofika kwenye vile vitu ambavyo sarufi haivitaji.

Sarufi ya kompaila ina raha yake. Kompaila ikishajenga mti inatupa maganda, yaani nafasi tupu, mistari mitupu na komenti. Haina haja navyo. Chombo cha kupanga kinauhitaji mti ule ule, lakini maganda ndiyo kazi yake hasa, maana yeye ndiye anayeyapanga upya. Na maganda yameandikwa kwa ajili ya macho, sio mashine, kwa hiyo yanaweza kusema jambo ambalo mti hausemi, na yanaweza pia kusema uongo.

Mfano unaojulikana sana wa uongo huo ni wa Februari 2014, Apple walipotoa masahihisho ya haraka kwa simu zao. Katika sehemu ya msimbo wa C iliyokuwa inakagua saini ya tovuti kabla ya kuiamini, mstari mmoja ulikuwa umeandikwa mara mbili, goto fail, na chini yake goto fail. Wa kwanza ulikuwa chini ya sharti. Wa pili ulijongezwa sawasawa na wa kwanza, kwa hiyo jicho liliuona kama nao uko chini ya sharti lile lile. Lakini hapakuwa na mabano, na kwa sarufi ya C sharti bila mabano linashika amri moja tu. Ile ya pili ilikuwa huru, inatekelezwa kila mara, na ukaguzi uliofuata chini yake ukawa haufikiwi. Jicho lilisoma nafasi, mashine ikasoma sarufi. Chombo cha kupanga kingeusukuma ule mstari wa pili kushoto, ukingoni, mahali ambapo mtu yeyote angeuliza wewe unafanya nini hapa.

Hoja hiyo ndiyo niliyoitumia kumshawishi mkuu wetu atupe muda. Naamini bado ni hoja nzuri.

Ila ofisini tulibishana. Mwenzangu ni muumini wa gofmt, chombo kilichokuja pamoja na lugha ya Go ilipotangazwa Novemba 2009, ambacho karibu hakikupi uchaguzi wowote. Andika utakavyo, kitakupangia kama kinavyowapangia wengine wote. Kuna Black ya Python nayo, ya mwaka 2018, iliyochukua jina lake kwenye ule usemi wa Henry Ford kwamba mteja atapata gari la rangi yoyote mradi iwe nyeusi. Faida yake mimi sipingi. Watu wanaacha kugombana juu ya nafasi mbili au nne na kurudi kazini. "Dada, chapa ya mkono iondoke," alisema. "Msimbo si barua ya mapenzi."

Lakini Waswahili tulishapitishwa kwenye chombo cha namna hii. Ile Kamati ya Lugha iliyoundwa 1930 ilisimamia usanifishaji kwa msingi wa Kiunguja, na tahajia ikanyooshwa. Mtu wa Mombasa hutamka paa wa porini kwa pumzi na paa la nyumba bila pumzi. Maandishi sanifu yakayafanya yote mamoja. Hatukupotea, ngeli inatuokoa, paa huyu, paa lile. Bibi yangu mzaa mama, wa Kisauni, alikuwa akisoma gazeti kwa sauti na pumzi anaziweka mwenyewe, kila moja mahali pake, kana kwamba zimeandikwa. Alizijua kwa sababu alizaliwa nazo. Mimi nasoma bila pumzi.

Kwa hiyo nilikuwa nauliza kila mara, hii nafasi tupu hapa ni pumzi au ni takataka? Mwenzangu naye, licha ya maneno yake, alikuwa ameanza kuwa na orodha. Alikuwa ameona kwamba katika faili za 1997, kabla ya maneno fulani mzee aliacha nafasi nne au tano, tena si kila mahali. Alidhani ni alama. Pengine mzee alikuwa anaonyesha hesabu zilizokwisha kuhakikiwa. Alichapa karatasi nzima ya nadharia.

Kisha tukaikuta hii, katika faili ya kufunga mwezi:

REPL faini WITH 0 FOR hali = 3
* wajane. mkutano mkuu umekubali.

REPL riba WITH 0 FOR hali = 7

Mistari minne, na mmoja wake ni mtupu. Amri ya kwanza inafuta faini kwa kila mwanachama ambaye hali yake ni 3. Amri ya mwisho inafuta riba kwa kila ambaye hali yake ni 7. Katikati kuna komenti. Swali ni kwamba wajane ni nani, 3 au 7?

Pale chamani hakuna aliyejua. Namba hizo zilikuwa zinajazwa kwenye fomu, na mwongozo wake ulibandikwa ukutani katika jengo la zamani, kabla hawajahama. Karani wa sasa alikuwa anampa mwanachama mpya hali ya 1 na kuendelea na kazi. Kwenye hifadhidata, wenye 3 walikuwa wengi, wenye 7 wachache, na hilo halithibitishi kitu.

Sarufi ikanyamaza. Kwa kompaila komenti ile ni ganda, haimo ndani ya mti, haina mzazi. Lakini chombo chetu kilihitaji kuijengea mzazi, kwa sababu amri ikisogezwa komenti yake lazima isogee nayo, na ikijongezwa ijongezwe nayo. Hili ndilo jambo ambalo kila aliyewahi kutengeneza chombo cha kupanga atakwambia limemnyima usingizi: komenti ni ya nani? Desturi iliyoenea ni kwamba komenti ni ya mstari unaoifuata. Watu wengi huandika maelezo kwanza, kisha jambo lenyewe, na mzee pia, kwa tulivyoona, alifanya hivyo mara nyingi zaidi. Rasimu yetu ilikuwa na kanuni hiyo. Ilikuwa pia na kanuni ya kufuta mistari mitupu yote ndani ya utaratibu mmoja, ili tupate msimbo ulioshikana. Kwa kanuni hizo mbili pamoja, matokeo yangekuwa haya:

REPLACE faini WITH 0 FOR hali = 3
* wajane. mkutano mkuu umekubali.
REPLACE riba WITH 0 FOR hali = 7

Kwa mashine hakuna kilichobadilika. Kwa msomaji, wajane wamekuwa 7, na mkutano mkuu umekubali wasilipe riba.

Nilisema hatuendeshi chombo kwenye faili hata moja mpaka nimwone mwenyewe. Mkuu wetu alilalamika kuhusu nauli. Nikamwambia nauli ya kwenda Pangani ni ndogo kuliko kesi.

Mzee anaishi huko na mkewe, nyumba ya bati yenye baraza pana. Nilikuwa nimechapa kurasa kama ishirini. Akavaa miwani, akazitazama muda mrefu bila kusema kitu, kama mtu aliyeletewa picha za ujana.

"Shikamoo mzee," nilirudia, maana ya kwanza alikuwa hajaisikia.

"Marahaba mwanangu. Kumbe bado mnazo hizi?"

Nilianza na orodha ya mwenzangu, zile nafasi nne nne za 1997. Nilimweleza kwa heshima kwamba tunahisi zina maana na tusingependa kuziharibu. Akacheka, akamwita mkewe naye aje asikie. "Mwanangu, mwaka tisini na saba kibodi ilikuwa mbovu. Kitufe cha nafasi kinaganda. Ukigusa mara moja, zinatoka nne. Tuliomba nyingine, ikaja baada ya mwaka."

Na kujongeza je, mbona mara mbili, mara tatu, mara hakuna? Hilo nalo halikuwa na siri. Skrini ya zama zile ilikuwa na herufi themanini kwa upana na mistari ishirini na mitano kwa kimo. Ukijongeza sana, mstari unatoka nje ya kioo. Alikuwa anajongeza akiwa na nafasi na anaacha akiishiwa. "Nyoosheni tu. Hata mimi zilikuwa zinanikera."

Nikamwekea ukurasa wa faini na riba. Nikamwonyesha kwa kalamu.

"Komenti hii ni ya juu au ya chini?"

"Ya juu. Tatu ni wajane. Huoni nimeacha mstari?"

"Nimeuona. Nilidhani labda na mistari ni ya kibodi."

"Aa, mstari mtupu si kibodi. Huo ni mimi." Akaushika kwa kidole mahali pale palipokuwa hapana kitu. "Nikimaliza jambo naacha mstari. Kama jambo halijaisha, siachi. Komenti nikiisahau juu naiweka chini, lakini mstari nauacha baada yake, ili ijulikane imeisha."

Tukapitia kurasa nyingine tano sita, na ilikuwa kweli. Kila mahali. Kibodi mbovu, skrini finyu, umeme wa kukatika, lakini mistari mitupu ilikuwa mahali pake kwa miaka yote ile, na sarufi ya FoxPro haina hata kanuni moja inayoitaja.

"Na saba ni akina nani, mzee?"

Hapo hakujibu haraka. Mkewe aliingia ndani kufuata chai.

"Saba ni wenyewe."

"Wenyewe nani?"

"Wenyewe wa pale. Wafanyakazi. Na wajumbe."

"Hawalipi riba?"

"Niliambiwa niandike, nikaandika."

"Mkutano mkuu ulikubali na hilo?"

"Umeona komenti?"

"Sijaona."

"Basi."

Tukanywa chai. Alinieleza habari za mto, jinsi kivuko cha zamani kilivyokuwa, na akaniuliza kama vijana wa siku hizi bado wanaandika programu wenyewe au wanaiambia kompyuta iandike. Kuhusu saba hakuongeza neno, nami sikuuliza tena.

Kwenye basi la kurudi niliandika kanuni upya kwenye simu. Komenti iliyo kwenye mstari mmoja na amri inabaki na amri hiyo. Komenti iliyoshikana na mstari wa juu, na chini yake kuna mstari mtupu, ni ya juu. Iliyotenganishwa na ya juu na kushikana na ya chini ni ya chini. Iliyo peke yake, mistari mitupu pande zote mbili, inakaa peke yake na haihamishwi na mtu. Na iliyobanwa pande zote bila mstari wowote, chombo kiipeleke chini kama desturi, lakini kiiandike kwenye ripoti ili binadamu aitazame. Za namna hiyo zilitokea sitini na moja. Tulizisoma moja moja, mbili zikanilazimu kumpigia mzee simu.

Mstari mtupu wenyewe tukauingiza kwenye mti. Una jina lake sasa katika sarufi yetu, kama IF na kama REPLACE. Mistari mitupu ikifuatana mitatu inakuwa mmoja, lakini mmoja hauwi sifuri. Mwenzangu alinung'unika kwamba kanuni mbili nzuri zimegeuka kurasa mbili mbaya, na kwa uzuri wa kanuni alikuwa na haki. Orodha yake ya nafasi nne nne aliikunjakunja akaitumia kuzuia meza isicheze.

Siku ya kuendesha chombo ilikuwa fupi kuliko siku zote. Faili zote zilipita kwa muda wa kunywa kikombe cha maji. Kabla ya kukubali matokeo tulifanya wanachofanya Black na wenzake, yaani kusoma upya maandishi ya kabla na ya baada, kuvua maganda yote, kufumbua vifupisho kama REPL, kisha kulinganisha kilichobaki neno kwa neno. Kikitofautiana hata kwa nukta, faili inarudishwa ilivyokuwa. Hakuna iliyorudishwa. Msimbo ukasomeka. Ile IF iliyokuwa imejificha ndani ya nyingine mara nne ikaonekana wazi kuwa ndani ya nyingine mara nne, na mambo mawili ambayo chama kilikuwa kinalalamikia tangu zamani tuliyaona kwa macho tu, bila kutafuta.

Chombo cha kupanga hakiruhusiwi kubadilisha maana, kwa hiyo amri ya 7 ilitoka kama ilivyoingia, imenyooka, na mstari mtupu juu yake. Mfumo mpya ndio haukuweza kuipokea hivyo. Humo kila msamaha wa riba au faini una jina na kumbukumbu ya kikao kilichouidhinisha, na sehemu hizo mbili hazikubali kuachwa wazi. Kwa 3 tulijaza wajane, tukaomba chama kitafute muhtasari wa mkutano. Walitafuta, wakaupata kabatini. Kwa 7 niliandika barua fupi kuuliza jina na kikao.

Aliyepokea alipiga simu siku ya pili. Alisema hiyo tuiache tu kama ilivyokuwa. Nikamjibu kwamba kama ilivyokuwa haina jina, na mfumo unataka jina. Akauliza kama hatuwezi kuweka nafasi tupu. Nikasema mfumo unaikataa. Akasema basi watakaa kikao.

Hawajakaa. Mfumo unafanya kazi tangu Februari, na wenye hali ya 7 wanatozwa riba kama watu wengine.